Mazungumzo ya Nyumbani: Mke wa Ugenini na Uraia Wake

Mwezi huu twaacha habari za malezi na za akiba ya nyumba, tupate kujibu swali ambalo latujia kwa njia nyingi, mara kwa barua ya mama, mara kwa mwalimu aliyeombwa shauri na wazazi akakosa la kuwaambia. Binti ameolewa Marekani, na mumewe ni raia wa nchi ile. Miaka imepita, naye ataka kuwa raia kama mumewe, lakini mume hataki kumsaidia. Hataki kutia sahihi, hatoi karatasi zilizo mikononi mwake, na akikasirika humwambia, "Mimi ndimi niliyekuleta, nami nikitaka nitakurudisha." Je, maneno hayo ni kweli? Au binti akae kimya mpaka moyo wa mume ulainike?

Twajibu kwanza kwa ufupi. Mume ana nguvu mwanzoni mwa safari, mwishoni hana. Ruhusa ya kukaa nchini huja kwa ombi lake yeye. Uraia hauji kwa ombi lake. Mke huuomba mwenyewe, kwa jina lake na kwa sahihi yake, na kwa njia iliyo ya kawaida kabisa mume haulizwi kama amekubali.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1855, mwanamke mgeni aliyeolewa na raia alipata uraia siku ile ile, mradi awe wa watu ambao sheria za wakati ule ziliwakubali. Hakuuliza wala hakuulizwa. Jambo hilo laweza kuonekana jema, lakini lilikuwa na upande wa pili, nao ulidhihirika kwa sheria ya mwaka 1907: mwanamke Mmarekani aliyeolewa na mgeni alipoteza uraia wake. Uraia wa mke ulifuata uraia wa mume, kama kivuli kimfuatavyo mtu.

Huko California alikuwako bibi mmoja, jina lake Ethel Mackenzie, mzaliwa wa jimbo lile, ambaye hakuhama kwenda kukaa penginepo. Mwaka 1909 aliolewa na Gordon Mackenzie, mwimbaji, raia wa Uingereza aliyekuwa akikaa huko huko California. Hata wanawake wa jimbo lile walipopewa haki ya kupiga kura, bibi yule akaenda San Francisco mwaka 1913 kuandikwa jina, akakataliwa. Aliambiwa kwamba yeye si Mmarekani tena. Alishtaki mpaka Mahakama Kuu ya nchi, nayo mwaka 1915 ikaamua kinyume chake, ikisema kwamba aliolewa kwa hiari yake, huku akijua matokeo yake.

Mambo yaligeuka tarehe 22 Septemba 1922, ilipopitishwa sheria ambayo watu huiita kwa jina la John L. Cable, mjumbe wa Ohio. Tangu siku hiyo mwanamke mgeni hapati uraia kwa kuolewa tu, lakini aweza kuuomba yeye mwenyewe, jambo ambalo hapo kwanza mwanamke aliye na mume hakuweza. Sheria ile ilikuwa na kasoro: Mmarekani aliyeolewa na mtu wa Asia ambaye sheria ilimnyima uraia, yeye bado aliupoteza wa kwake, hata kasoro hiyo ilipotengenezwa mwaka 1931. Walakini shina la jambo lilikuwa limekwisha kupandwa, nalo ndilo analolikalia binti yetu leo, ijapokuwa pengine hajui.

Sasa tueleze njia yenyewe, maana hofu nyingi hutokana na kuchanganya hatua moja na nyingine.

Mume raia huanza kwa kuandika ombi kwa serikali kwamba huyu ni mke wake. Ombi hilo ni lake kweli, naye aweza kuliondoa kabla halijamaliza kazi yake. Hapo ndipo penye nguvu za mume. Lakini mke akisha kupewa hati ya ukaazi wa kudumu, ile iitwayo kadi ya kijani, hati hiyo ni mali ya mke. Haifutwi kwa barua ya mume mwenye hasira. Serikali yaweza kuiondoa, kwa sababu zake na kwa taratibu zake, lakini mume si serikali.

Hapa pana jambo ambalo limewaponza wengi. Kwa sheria ya mwaka 1986, kama ndoa haijatimiza miaka 2 siku mke apatapo ukaazi, kadi yake ni ya masharti, nayo yadumu miaka 2 tu. Katika siku 90 za mwisho, mume na mke hutakiwa kuleta fomu I-751 yenye sahihi zao wawili, ili masharti yaondolewe. Mume mkaidi huingoja saa hii, maana ajua kwamba siku zikipita bila fomu kuletwa, mke hupoteza ukaazi. Naye mke huona kwamba dunia imefika mwisho. Sivyo. Mke aweza kuileta fomu ile ile peke yake, akiomba asamehewe sahihi ya mume, kwa mojawapo ya sababu hizi: kwamba ndoa ilifungwa kwa nia njema lakini imekwisha kuvunjwa kwa talaka; au kwamba alipigwa au alifanyiwa ukatili wa kupita kiasi; au kwamba atapata taabu kubwa mno akiondolewa nchini. Tena akiomba hivyo hana haja ya kungoja zile siku 90.

Atakalotakiwa ni kuonyesha kwamba ndoa ilikuwa ndoa ya kweli, si biashara ya karatasi. Hapa mambo madogo ya nyumbani huwa makubwa: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, hesabu ya benki ya pamoja, karatasi za kodi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, picha, barua za majirani na za wazee wa kanisa waliowajua. Kwa hiyo twamwambia kila binti aliye huko, hata yule ambaye mumewe ni mpole kama njiwa: weka nakala za karatasi zako mahali ambapo ufunguo wake ni wako. Kufanya hivi si kumdhania mume mabaya. Nyumba huungua moto, na maji huingia.

Baada ya ukaazi huja uraia, kwa fomu N-400. Njia ni mbili. Ya kwanza ni ya miaka 3, kwa mke ambaye katika miaka hiyo yote amekaa pamoja na mumewe katika ndoa, na mume huyo awe raia kwa miaka hiyo 3. Katika njia hii mume ahitajiwa, maana ndoa yenyewe ndiyo inayofupisha muda. Ya pili ni ya miaka 5, nayo ni ya kila mkaazi, mwenye mume na asiye na mume, aliyeachwa na mjane. Hapa mume haitwi wala sahihi yake haitafutwi. Ofisa ataiuliza habari ya ndoa, maana ni haki yake kujua kama hati ya kwanza ilipatikana kwa kweli, na mke ajibu kweli, basi. Miaka huhesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa katika kadi, na ile miaka 2 ya masharti imo ndani ya hesabu. Fomu yaweza kupelekwa siku 90 kabla ya kutimia miaka 5.

Wako wanaoikimbilia njia ya miaka 3 hali mume amekwisha kuhama nyumba, wakisema kwamba wakaa pamoja. Hilo ni kosa kubwa. Uongo katika fomu ile waweza kuharibu yote, na miaka 2 zaidi si mingi kwa mtu ambaye amekwisha kungoja. Aitumie kujifunza Kiingereza, na historia na utawala wa nchi, maana ataulizwa. Aangalie safari zake pia: kwa njia hii ya pili yampasa awe amekaa ndani ya nchi miezi 30 kwa jumla, na safari moja iliyozidi miezi 6 huleta maswali. Atoe kodi. Asipige kura kabla ya kuapa, hata mtu akimwambia kwamba hapana neno.

Je, yule ambaye hana hata kadi, naye apigwa? Kwa ajili yake iko sheria ya mwaka 1994. Mke wa raia, au wa mkaazi wa kudumu, aliyepigwa au kufanyiwa ukatili wa kupita kiasi, aweza kujiombea mwenyewe kwa fomu I-360, bila ada na bila mume kujua. Ukatili si fimbo tu. Vitisho navyo hutazamwa. Tangu mwaka 1996 maofisa wamekatazwa kutoa habari za maombi kama hayo, wala hawaruhusiwi kuamua juu ya mke kwa kutegemea maneno ya mume mjeuri peke yake. Mke aliyeachika naye aweza kuomba, mradi miaka 2 isipite tangu talaka, na talaka iwe imetokana na mateso hayo. Tena mke aliyepata ukaazi kwa njia hii kwa sababu ya mume raia aweza kuomba uraia baada ya miaka 3, ingawa hakai tena na mume huyo. Sheria hii huwafaa waume pia, ijapokuwa wachache husema.

Yuko mmoja ambaye hatuna jibu jema la kumpa, nasi hatutaki kumdanganya. Ni mke ambaye mumewe hakupeleka ombi lolote, wala hampigi, wala hamtishi, hajali tu. Muda wa ruhusa yake ya kuingia umekwisha, naye akaa hivyo hivyo. Kwa huyo sheria haina mlango mwepesi. Na aende kwa mwanasheria wa kweli, au kwa mtu aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani kuwasaidia wageni (wako wenye kufanya kazi hii kwa malipo kidogo, au bure), asiende kwa dalali wa karatasi anayeahidi mambo kwa siku 30.

Sasa neno moja ambalo twapenda sana waume walisome. Mume alipomleta mkewe alitia sahihi hati nyingine, fomu I-864, ya kuahidi kwamba mke hatapungukiwa na riziki. Ahadi hiyo ni mapatano na serikali, na talaka haiivunji. Yadumu mpaka mke apate uraia, au awe amehesabiwa robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka 10, au aondoke nchini kabisa na kuacha ukaazi, au mmoja wao afe. Basi mume anayemzuia mkewe asipate uraia, akidhani kwamba amemfunga yeye, amejifunga mwenyewe kamba ile ile. Twamwomba alifikiri hilo jioni, akiwa ametulia.

Na kwenu wazazi mlio hapa nyumbani. Binti akipiga simu akilia, jibu letu la kawaida ni, "Vumilia, mwanangu." Wakati mwingine ni jibu jema. Lakini wengine huvumilia si kwa sababu ya ndoa, bali kwa sababu wameambiwa kwamba kadi ni ya mume. Muulizeni kwanza, "Mama, kadi yako imeandikwa tarehe gani, nayo iko wapi?" Kama mume ameificha, aweza kuomba nyingine kwa fomu I-90, tena aweza kuiomba serikali nakala ya faili lake zima. Akisha kujua hayo, ndipo azungumze habari ya kuvumilia au kutovumilia, akiwa na uhuru wa moyo.

Mjue pia kwamba uraia huo una gharama yake. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari hupoteza wa Tanzania, maana sheria ya kwetu haikubali uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Mkenya aweza kuwa nao wote wawili tangu Katiba ya mwaka 2010. Basi binti wa Moshi na binti wa Machakos hawana hesabu moja, na shamba la urithi liingizwe katika mazungumzo mapema.

Limebaki jambo la watoto. Wengi wa mabinti hawa walikwenda na mtoto wa ndoa ya kwanza, na yule baba wa kambo, hata akiwa raia, hampi mtoto uraia wake kwa kumlea tu. Lakini kwa sheria iliyoanza kazi tarehe 27 Februari 2001, siku mama aapapo, mtoto wake aliye chini ya miaka 18, mwenye ukaazi wa kudumu, aliye mikononi mwake na chini ya ulinzi wake kisheria, awa raia saa ile ile. Haandiki fomu N-400, wala hafanyi mtihani. Mama humwombea pasi tu.