Kengele za Baba Daudi

Habari ya mwezi huu mwanzoni niliona haifai kwenye ukurasa wetu, maana inahusu chupa za wiski. Lakini inahusu ndoa pia, na mwenyewe, ambaye nitamwita Mama Daudi, ameniruhusu niieleze.

Mwaka 2019 nilikwenda Uingereza kumsaidia mdogo wangu aliyekuwa amejifungua kwa upasuaji. Jumapili moja, baada ya ibada ya Waswahili, mama mmoja wa makamo alinishika mkono akanivuta pembeni.

"Dada, nasikia wewe ni muuguzi. Mtu anayekunywa kwa siri anajulikanaje?"

Nikamwuliza anamsema nani. Akainamisha kichwa, akasema, "Baba Daudi."

Jumanne nikaenda kwake. Sebuleni palikuwa na kabati la vioo, na ndani yake kengele 15 za kauri, nyingine zimechorwa picha, nyingine zina maandishi ya dhahabu. Kumbe kila kengele ni chupa, na kila chupa ina wiski.

Baba Daudi alikuwa dereva wa basi hadi alipostaafu. Mwaka 1981, alipokuwa mgeni bado katika nchi ile, Prince Charles alimwoa Diana tarehe 29 Julai, na kampuni ya wiski ya Bell's ya mji wa Perth, Uskoti, ikatoa chupa ya ukumbusho. Bell ni jina la ukoo wa aliyekuwa mwenye kampuni, na kwa Kiingereza neno hilo ni kengele. Ndiyo sababu ya umbo lile. Kauri yenyewe ilifinyangwa na kiwanda cha Wade, huko Burslem katika jiji la Stoke-on-Trent. Wenzake kazini wakampa moja. Hakuifungua, aliiona nzuri mno.

Mwaka uliofuata, tarehe 21 Juni, akazaliwa Prince William, na chupa nyingine ikatoka. Miezi miwili baadaye Daudi akazaliwa. Baba yake akaenda dukani akainunua. Mwaka 1984 akazaliwa Prince Harry, na mwaka huohuo Neema, binti yao. Ikanunuliwa ya pili. Baada ya hapo ikawa desturi: mwaka 1986 Malkia alipotimiza miaka 60, mwaka huohuo arusi ya Prince Andrew, kisha mabinti wa Andrew, Beatrice mwaka 1988 na Eugenie mwaka 1990. Juu ya hizo, tangu 1988 Bell's wakaanza kutoa kengele ya Krismasi kila mwaka. (Nilisimama nikaitazama moja kwa muda. Kengele ya kukumbuka kuzaliwa kwa Mwokozi, imejaa wiski!)

Si wao walioanza. Siku Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa, tarehe 2 Juni 1953, kampuni ya Chivas Brothers ilitoa wiski iitwayo Royal Salute, iliyokaa kwenye mapipa miaka isiyopungua 21, kwa hesabu ya mizinga 21 ya heshima. Lakini ile ni ya wenye fedha. Kengele za Bell's hata dereva wa basi aliziweza, na rafu yake ikawa kama kalenda ya familia. Hilo mimi nililielewa upesi, kwa kuwa nyumbani kwangu vitenge vya sherehe vimejaa sanduku zima na sivivai.

Mwaka 1995 Baba Daudi aliokoka, akaacha kununua. Chupa zilibaki kabatini kwa ahadi kwamba hazitafunguliwa kamwe. Sasa Mama Daudi alipokuwa akifuta vumbi aliinua mbili tatu akaziona nyepesi. Kauri haionyeshi kilichomo. Naye mumewe, kwa miezi kadhaa, mikono ilikuwa ikitetemeka, amekonda, halali usiku, na hasira zake ziko karibu. Mama akajumlisha.

Nilimwomba mizani ya jikoni. Ndivyo wafanyavyo hata wanaoziuza mnadani: kwa kuwa hawaoni ndani, huandika uzito wa kila chupa. Wiski ya chupa ya sentilita 75 ina uzito wa karibu gramu 700 peke yake, kwa hiyo iliyonywewa haijifichi. Tulizipima za Krismasi zinazofanana. Moja ilikuwa pungufu kwa gramu 250 hivi, lakini utepe wa muhuri juu ya kizibo chake haujaguswa, umegeuka rangi tu kwa uzee. Nikamweleza kwamba kizibo cha gome hukauka, na wiski, ambayo kwa sheria ya wiski ya Uskoti ina kileo kisichopungua asilimia 40, hupotea kidogo kidogo hewani miaka ikipita. Wala haizidi kukomaa humo. Hii ya kuchanganywa hutokana na wiski za kimea cha shayiri na wiski za nafaka nyingine kama ngano au mahindi, nazo hukomaa katika mapipa ya mti wa mwaloni, miaka mitatu au zaidi. Ikishatiwa chupani umri wake umesimama.

Tulimaliza 14 na zote zilikuwa na mihuri. Ya 15 ilikuwa ile ya mwaka 1984, ya Neema. Utepe umekatwa kwa kisu, na chupa tupu kabisa. Mama Daudi alikaa kitini bila kusema neno.

Mumewe alipoingia alikuta kengele zote juu ya meza. Nilitaka kuondoka, mama akanizuia. Baba Daudi hakukana.

"Ni mwaka 1997, mama yangu alipofariki," alisema. "Sikuwa na nauli ya kwenda kumzika. Nilikunywa glasi mbili usiku ule, iliyobaki nikaimwaga kwenye sinki."

"Miaka 22, Baba Daudi! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wewe ungekwenda kwa mchungaji."

Akina mama, Mama Daudi hakubisha. Aliniambia baadaye kwamba kweli angekwenda.

Mimi nilikuwa naitazama mikono yake. Mtetemeko una sababu nyingi, na pombe ni mojawapo tu. Mtu anayetetemeka, anayekonda huku akila vizuri, moyo ukimwenda mbio, jasho na usingizi hakuna, apimwe tezi ya shingo. Nilimshika kifundo cha mkono: mapigo 112 kwa dakika, naye amekaa. Nikamwambia aende kwa daktari wake wiki ileile. Majibu ya damu yalionyesha tezi inafanya kazi kupita kiasi, akaanzishiwa dawa. Sijui ingechukua muda gani kama wangeendelea kuviziana.

Jambo moja zaidi nililowasisitizia: mjukuu wao wa miaka minne hukaa pale mchana, na kabati halikuwa na ufunguo. Kwa mtoto mdogo, wiski kidogo tu yaweza kushusha sukari ya damu hadi akapoteza fahamu. Ikitokea, usimtapishe, mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Walijaribu kuzipeleka kwenye duka la kanisa la vitu vya mitumba, wakakataliwa, kwa kuwa kule huwezi kuuza kileo bila leseni. Na kwa mnada hazina bei kubwa, maana zilitengenezwa nyingi na watu wengi wamezitunza. Basi Baba Daudi alizifungua zote mwenyewe, akazimwaga, akazisuuza. Za Krismasi duka lilizipokea zikiwa tupu. Za arusi alichukua Daudi. Kabatini zimebaki mbili, ya 1982 na ya 1984, na kabati sasa lina ufunguo kwa ajili ya mjukuu, asije akazivunja.