Zabuni bila malipo ni mzigo

Zabuni za serikali zinapojadiliwa, suala la malipo huachwa. Mwaka 2020, ndege za kimataifa ziliposimamishwa mwezi Machi na hoteli za Diani, pwani ya Kenya, zikafunga milango, kampuni yangu ndogo ya usafi ilipoteza mikataba. Hilo tulilimudu: tukaingia majumbani kuosha makochi, mazulia na matangi ya maji, pesa mkononi kazi ikiisha. Kilichotumaliza ni ankara za ofisi moja ya umma zilizokaa bila kulipwa, huku sabuni, dawa ya choo na mishahara ya akina mama wanaopiga deki nikilipia kwa mkopo wa chama. Asilimia 30 ya zabuni za serikali tumetengewa vijana, wanawake na wenye ulemavu, nashukuru. Sasa wabunge waweke muda wa mwisho wa kulipa, na riba kwa kila siku ya kuchelewa.