Mgongo Wetu Nao Uingie Kwenye Bajeti

Vijana wenzangu wa Nakivale, na ninyi wa mashirika mnaotusoma hapa, leo tuongee juu ya mgongo.

Mradi wa kazi za mikono ukifika, unaleta nyuzi, sindano, vitenge, na pengine cherehani. Mwisho tunapewa cheti na tunapiga picha. Kiti kiko wapi? Meza iko wapi? Mama anakaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, shingo imeinamia kitambaa toka asubuhi mpaka jua linazama. Mwenye cherehani anakalia jerikani, mabega yamepanda mpaka karibu na masikio.

Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5. Kikiwa wima, mifupa inakibeba. Ukikiinamisha, misuli ya shingo inavuta mzigo, na kadiri unavyoinama ndivyo mzigo unavyozidi. Ukibana sindano masaa mengi bila kupumzika, usiku vidole vinakufa ganzi. Huo si uvivu wala uzee. Ni kazi iliyopangwa vibaya.

Mtu akilalamika anajibiwa: mchagua jembe si mkulima. Sawa, lakini ni mkulima gani wa Isingiro analimia mpini wa mtoto? Kila mtu anakata mpini wa kimo chake.

Kitambaa kikifika Mbarara, mnunuzi anahesabu uzi tu, halafu anaomba apunguziwe. Maumivu hayamo kwenye bei. Hela hiyohiyo inarudi kununua dawa ya mgongo.

Mtasema bajeti imepungua. Tunajua, hata sisi imetugusa: mwaka 2023 WFP ilitugawa kwa makundi, wengine posho ikapunguzwa, wengine ikakatwa kabisa. Ndiyo maana mwili huu usichezewe. Ndio mtaji uliobaki.

Nakivale ina zaidi ya miaka 60, na bado tunafanya kazi chini kama watu wa kuondoka kesho! Maseremala tunao humuhumu. Kila mafunzo yawe na kiti na meza walizotengeneza wao. Somo la kwanza liwe kukaa: nyayo zikanyage chini, kazi ipandishwe juu ya mto ije karibu na macho, na kila nusu saa watu wasimame wajinyooshe.

Na sisi vijana, tuache kumwambia dada anayejinyoosha kwamba anakwepa kazi. Anailinda.