Mzigo wa Nyumbu, Kichwa cha Mpagazi

Mwezi Mei 2025, Rais wa Marekani alipofika Doha, ngamia waliopambwa walipangwa kumlaki katika Diwani ya Amiri. Ngamia wa sanamu nao wamesimamishwa kwenye Makumbusho ya Taifa ya Qatar. Taifa linalomtukuza mnyama aliyelivusha jangwani linalipa deni la haki, na msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kulishangaa. Katika Utendi wa Ngamia na Paa, wanyama hao hupewa ulimi wakasema mbele ya Mtume.

Heshima ya namna hii huharibika pale inapogeuzwa kuwa huruma isiyomgharimu mtu kitu. London ilizindua ukumbusho wa wanyama wa vitani mwaka 2004, kando ya Park Lane: nyumbu wawili wa shaba wamelemewa na mizigo, na mbele yao farasi na mbwa. Maandishi yake yanakiri kwamba viumbe hao hawakuwa na hiari. Ni kweli tupu. Lakini kauli hiyo ingeweza kuchongwa, bila kubadilishwa neno, juu ya kaburi la mpagazi wa Afrika Mashariki, laiti angekuwa na kaburi.

Wapo wanaojibu kwa hasira kwamba ni matusi kumkumbuka nyumbu ilhali mtu amesahauliwa. Hasira yao ina chanzo cha haki, ila hoja yao imekosea njia, kwa kuwa inawashindanisha wafu waliouawa na hesabu moja. Katika vita vya 1914 hadi 1918, mbung'o waliwaangamiza farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maradhi ya nagana. Jeshi la Jan Smuts lilipoingia Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1916, farasi wake walikufa kwa maelfu. Mvua ziliponyesha, magari yakazama matopeni. Hapo mzigo ulioanguka kutoka mgongoni mwa nyumbu ukapandishwa kichwani mwa mtu. Huko Kenya, sheria ya mwaka 1915 ilikuwa tayari imeruhusu watu wachukuliwe kwa nguvu kuifanya kazi hiyo. Mpagazi, basi, hakuwa mshindani wa mnyama. Alikuwa mrithi wa mzigo wake na wa kifo chake.

Anayemlilia mnyama huyo bila kumtaja aliyepokea mzigo ameisimulia nusu ya habari. Anayemlilia mpagazi na kumdharau mnyama naye anaficha sababu iliyomfikisha mpagazi pale.

Sanamu ya Nairobi inaonyesha jinsi sifa inavyoweza kuwa njia ya kufuta. Maneno ya Rudyard Kipling yaliyochongwa hapo yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba wana watayakumbuka majina ya baba zao. Majina gani? Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi. Kiswahili kilikuwa kimewahifadhi kwa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, lakini hata hapo kilichobaki ni jina la kikosi. Jina la mtu limepotea.

Radhi bila majina ni sifa nyingine ya miguu na mikono. Daftari za mishahara na za vifo zilizosalia zichapishwe, zisomwe vijijini, na ukumbusho wowote wa wanyama wa vita hivyo useme wazi nani alibebeshwa baada yao. Doha yenyewe imeonyesha kwamba jambo la namna hii linawezekana: Nyumba ya Bin Jelmood, iliyofunguliwa Msheireb mwaka 2015, inazungumzia utumwa, ukiwamo wa watu waliotolewa Afrika Mashariki, katikati ya mji uleule unaojivunia ngamia wake. Mji unaweza kumheshimu mnyama na kumkiri mtu aliyedhulumiwa. Kinachohitajika ni kuacha kuitumia heshima ya mmoja kama pazia la kumfunika mwingine.