Kosa Hili Si Langu, Mjomba

Nimemaliza Ghost of Tsushima mara mbili, na mara zote mbili nimeweka pedi chini nikiwa na hasira. Si hasira ya kushindwa. Ni hasira ya mtu aliyepelekwa mbele ya wazee kujibu kosa, wakati mshtaki mwenyewe ndiye aliyemshika mkono akalitenda.

Kwa asiyelijua, hili ni gemu la mwaka 2020 lililoundwa na studio ya Marekani, Sucker Punch, kwa ajili ya PlayStation 4. Mwaka wa hadithi ni 1274. Mahali ni Tsushima, kisiwa cha Japani kilichoko baharini upande wa Korea. Wamongolia wameshuka pwani ya Komoda na kuwafyeka samurai wa kisiwa. Jin Sakai amenusurika. Mjomba wake, Bwana Shimura, mtawala wa kisiwa, ametekwa. Kuanzia hapo unapewa farasi, upanga na kisiwa kizima, uende utakako.

Kiingereza kina neno moja kwa kaka wa baba na kaka wa mama. Sisi hatuchanganyi. Shimura ni kaka wa mama yake Jin, na baba wa Jin alipouawa, yeye ndiye aliyemlea mtoto na kutaka kumfanya mrithi wake. Ni mjomba hasa. Mimi pia nimelelewa na mjomba, mwalimu mstaafu aliyenilipia ada tangu darasa la tano. Kwa hiyo mjomba yeyote akinitazama kwa macho ya kusikitika, hata awe wa kwenye skrini, mimi nababaika.

Nianze na haki yake. Gemu hili ni zuri kutazama kupita kiasi. Halikuwekei mshale wa kukuonyesha njia. Unaita upepo, nao unalaza nyasi kuelekea unakokwenda. Unaweza kusimama mbele ya kambi, ukawaita maadui kwa sauti, ukangoja wa kwanza afyatuke ndipo uchomoe upanga. Kuna namna ya kucheza kwa rangi nyeusi na nyeupe iliyopewa jina la Kurosawa, kumuenzi mwongozaji yule wa filamu. Na mapenzi ya wachezaji yalitoka nje ya skrini. Kimbunga kilipoangusha lango la hekalu la Watatsumi, lililoko Tsushima yenyewe, mwaka 2020, mchango wa mtandaoni ulivuka mara tano ya kiasi kilichoombwa, na wachezaji wa gemu hili walikuwa miongoni mwa waliochanga.

Wanaolikosoa husema kazi zinajirudia: fuata nyayo, komboa shamba, fuata mbweha, komboa shamba jingine. Husema kamera inajificha nyuma ya mti pale pale unapozungukwa. Ni kweli. Lakini huo ni upele tu, ugonjwa wenyewe uko ndani.

Mapema kabisa gemu linakuweka nyuma ya mlinzi wa Kimongolia na kukutaka umchome mgongoni. Ukishafanya, linakurudisha utotoni mwa Jin, mjomba akimfundisha kwamba mtu unamuua ukimtazama usoni. Nilipocheza mara ya kwanza niliona aibu kweli. Nikaapa kuwa kuanzia hapo nitapigana kiungwana. Nikaacha visu vya kurusha, nikaacha mabomu ya moshi, kila kambi nikaingia kwa mlango wa mbele. Nilikufa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kisha tukafika ngome ya Shimura. Mjomba anataka kushambulia uso kwa uso, na watu wake wanakufa kwa wingi. Jin anapenya usiku na kutia sumu kwenye vinywaji vya Wamongolia. Hakuna aliyeniuliza. Mimi niliyepigana kwa mlango wa mbele juma zima nikamtazama Jin akiimwaga ile sumu, kisha nikakaa nisikilize mjomba akinisuta kwamba nimeitupa heshima ya ukoo.

Mara ya pili nilicheza kinyume. Nilinyata, nilichoma migongo, nilirusha moshi, sikumwita adui hata mmoja. Tulipofika ngome ya Shimura nilikuta sumu ile ile, mjomba yule yule na masuto yale yale, neno kwa neno. Muungwana na muuaji wa gizani walipewa hukumu moja. Hukumu iliyoandikwa kabla kesi haijasikilizwa si hukumu.

Utaniambia hii ni hadithi ya Jin, si yangu. Sawa. Lakini filamu ya Kurosawa hainipi kitufe. Gemu hili limenipa uhuru kwenye kila kitu chepesi: niende mlima gani, nivae kofia gani, nitunge haiku juu ya hofu au juu ya matumaini. Jambo lilipokuwa zito, likanipokonya pedi. Baadaye likanirudishia ili nibebe lawama.

Wala lisijifiche nyuma ya historia. Tsushima halisi ya mwaka 1274 haikuokolewa na mzuka yeyote. Sō Sukekuni alitoka na wapanda farasi wapatao themanini, wakafa, na meli zikaendelea kwenda Iki na Hakata. Jeshi lile lilikuwa pia na Wakorea wa Goryeo, ambao gemu limewasahau. Na sheria kali anayoihubiri Shimura si ya karne yake. Kitabu cha Nitobe Inazō kilichoitangaza bushido duniani kilitoka mwaka 1900, tena kwa Kiingereza. Samurai halisi wa vita vile, Takezaki Suenaga, alisafiri hadi Kamakura kudai atambuliwe na kulipwa kwa alivyopigana. Wavamizi waliporudi mwaka 1281, samurai walizifuata meli zao usiku kwa mashua ndogo. Siwalaumu waundaji kwa kubuni sheria. Ila ukishabuni sheria na kuifanya roho ya hadithi, niache niitii au niivunje mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba walikuwa na swali zuri mkononi. Baada ya usiku ule, Khotun Khan anajifunza ile sumu na kuwapa watu wa kisiwa. Kinachomwokoa mjomba leo, kesho kinamuua mkulima. Hapo nilisimamisha gemu nikatoka nje.

Mwaka jana mama alikuwa anangoja upasuaji. Tarehe ikasogezwa mara tatu. Mtu mmoja pale hospitalini akaniambia faili linaweza kutembea, nikampa elfu themanini. Wiki iliyofuata mama akapasuliwa, na leo anapika mwenyewe. Nilimweleza mjomba nikitarajia anipongeze au anigombeze. Aliniuliza jambo moja tu: "Na yule aliyekuwa mbele yake kwenye foleni?"

Sina jibu hadi leo. Mama ni mzima, na kuna mtu nisiyemjua ambaye tarehe yake ilisogezwa mara ya nne. Swali la mjomba linaniuma kwa sababu niliweza kukataa. Zile noti zilikuwa mkononi mwangu, na hakuna aliyenipokonya mkono.

Ndiyo sababu masuto ya Shimura hayanifiki. Mwishoni kabisa gemu linakupa uamuzi mmoja wa kweli: mmeshapigana, mjomba amelala mbele yako, umuue kama anavyoomba au umwache hai. Ni tukio zuri, na limechelewa mno. Nahukumiwa kwa sumu, halafu naruhusiwa kuchagua namna ya kuaga.

Nilichotaka ni chombo kile cha sumu mkononi, na kitufe cha kukiweka chini. Nikikiweka, wafe watu langoni, niwaone wakifa, na mjomba anisifu juu ya maiti zao. Nikikimwaga, anilaani, nami nijue laana ni yangu. Hapo wangekuwa wamenifanyia alichonifanyia mjomba wangu kwa swali moja.

Mwezi uliopita alikuja kutusalimu akanikuta nacheza. Akamwona mzee amepiga magoti kwenye majani mekundu, akauliza ni nani.

"Mjomba wake."

"Amemkosea nini?"

Nikamweleza habari ya sumu. Akafikiri kidogo.

"Alikuwa na njia nyingine, huyo kijana?"

Nikamwambia hakuwa nayo.

"Basi kosa si lake," akasema, akaenda jikoni kumsalimia dada yake.