Kichwa kinachotetemeka sekunde ya 33

Safari hii nataka kuzungumza na wazazi na walezi ambao sebule zao zimejaa nyaya. Najua mpo wengi. Mtoto amenunuliwa boksi la vifaa vya roboti, watu wazima wote wako kazini, na hakuna anayejua msimbo ni nini (vijana wanaita "kodi", na mimi kila nikisikia kodi nawaza TRA). Basi mtoto anauliza chatboti. Akina mama wenzangu hapa Brussels huniuliza kama wamruhusu au wamkataze. Mimi ninaruhusu, ila kwa utaratibu wa wodini, na kisa chenyewe kimetokea kwangu.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 14 na tunaishi naye hapa Saint-Gilles, karibu na Parvis. Ameunda gari dogo: magurudumu mawili, bodi ya Arduino Uno, na kihisi cha mwangwi kilichofungwa juu ya mota ya servo kama kichwa juu ya shingo. Kila nusu sekunde kichwa kinageuka upande wa pili, kinatoa mlio ambao masikio yetu hayausikii, kinasubiri mwangwi urudi, na gari linajua ukuta uko wapi. Popo nao wanaishi hivyo hivyo.

Gari lilikwenda vizuri, kisha kichwa kikaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria aliyeshikwa na baridi. Ukizima na kuwasha, linapona. Muda si mrefu, linatetemeka tena.

Kijana alinakili msimbo wote, akaubandika kwenye simu na kuongeza kwa Kifaransa: haifanyi kazi. Basi.

"Mama mdogo, amesema ni betri."

"Nani amesema?"

Akanionyesha simu.

Jibu lilikuwa refu, la adabu, limepangwa vizuri. Na kusema kweli halikuwa la kijinga. Servo inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na betri zilizochoka huzidiwa. Kutetemeka ni dalili inayojulikana. Hata ile ya kupona ukizima na kuwasha inafanana na betri iliyopumzika kidogo. Tukashuka Chaussée de Waterloo, akanunua betri nne kwa pesa yake ya matumizi. Ikatetemeka. Simu ikasema basi huenda waya wa hasi haujashika. Akafunga upya nyaya zote. Ikatetemeka. Simu ikasema huenda servo yenyewe imekufa, anunue nyingine. Hapo nikazima jiko.

Usiku wodini, daktari wa zamu anaweza kuwa jengo jingine kabisa. Ukimpigia ukasema "mgonjwa hajisikii vizuri", atakupa jibu linalowafaa wagonjwa wote wasiojisikia vizuri. Hamwoni mgonjwa, anaona maneno yako. Chatboti ni daktari huyo. Inaona ulichobandika, haioni meza, haioni waya uliolegea, haisikii mota inavyolia. Ila daktari wa kweli atakukatiza: ilianza saa ngapi? Joto lake? Umeshampa nini? Chatboti mara nyingi haikatizi. Inajibu kwa sauti ileile ya uhakika, iwe inajua au inabahatisha. Kwa mtoto wa miaka 14 sauti hiyo ni hatari, kwa sababu nilikuwa naona kwa macho yangu anavyoacha kulitazama gari na kuitazama simu.

Nikachukua karatasi nikachora chati, kama tulizofundishwa mwaka wa kwanza wa diploma nyumbani, kabla hujaruhusiwa kugusa sindano. Muda, dalili, kilichofanyika. Nikavaa saa yangu ya kazini. Betri mpya: kutetemeka kulianza sekunde ya 33. Betri za zamani: 33. Gari limenyanyuliwa, magurudumu yanazunguka hewani: 33. Tukarudia mara tatu zaidi. 33, 33, 33.

Alitaka kukimbilia simu. Nikamwambia kwanza aniambie yeye anaona nini. Akanyamaza, akaitazama ile safu ya namba.

"Betri haina saa," akasema.

Nilifurahi kuliko siku gari lilipotembea kwa mara ya kwanza.

Ujumbe wa pili aliuandika kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha tuliyokuwa tunazungumza mezani, na mashine ilimwelewa bila shida. Alieleza roboti ni ya aina gani, inatakiwa kufanya nini, inafanya nini, tumepima nini na tumejaribu nini. Akaongeza: usiniandikie msimbo mpya, nitajie kitu kinachoweza kutokea sekunde ya 33 kila mara, na kipimo cha kuthibitisha. Jibu likaja fupi. Angalia unapohifadhi wakati. Umetumia aina ya int. Ichapishe namba hiyo kwenye skrini uone.

Bodi huhesabu milisekunde tangu ilipowashwa. Kwenye Uno, int ina biti 16, kwa hiyo haiwezi kubeba zaidi ya 32,767. Hiyo ni sekunde 32 na ushei. Kichwa kinapogeuka tena, sekunde ya 33, namba haitoshi na inageuka kuwa hasi. Kuanzia hapo programu ikilinganisha saa ya sasa na namba hiyo hasi, inaona nusu sekunde imeshapita, daima, basi inageuza kichwa bila kupumzika. Kijana alichapisha namba: ikapanda hadi elfu thelathini na mbili na kitu, kisha ikaanguka kuwa hasi mbele ya macho yetu. Akabadilisha int kuwa unsigned long, inayobeba hadi zaidi ya bilioni 4. Gari likazunguka mpaka jirani wa chini akagonga.

Msidhani ni kosa la watoto tu. Juni 4, 1996, roketi ya Ulaya Ariane 5, katika safari yake ya kwanza kabisa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ilijilipua kabla ya kumaliza dakika moja angani. Namba iliyotokana na mwendo wake wa mlalo ilisukumwa kwenye nafasi ya biti 16 isiyoitosha. Kopo lilelile.

Na angalieni jambo moja: mstari wenye kosa ulikuwemo katika msimbo tangu alipoubandika mara ya kwanza. Mashine ilikuwa nao wakati wote ikisema betri.

Siku hizi anaitumia pia kukosoa kazi kabla haijaharibika. Ukiiuliza "msimbo wangu ni mzuri?" itakusifu, maana inapenda kufurahisha watu. Anaiambia: tafuta mahali patakapovunjika, na uniambie nitapavunjaje mwenyewe. Ikitaja kosa ambalo hawezi kulisababisha mezani, halirekebishi. Na hakuna mstari unaoingia kabla hajanieleza kwa Kiswahili unafanya nini. Wauguzi tukipokea agizo kwa simu tunalirudia kwa sauti kabla ya kuliandika. Sheria yangu ni hiyohiyo. Inachosha, na kuna jioni tumegombana.

Neno kwa walezi wa hapa: tangu 2018 sheria ya Ubelgiji inasema mtoto anaweza kukubali mwenyewe huduma za intaneti zitumie taarifa zake akifika miaka 13. Lakini huduma nyingine zina masharti yao, yasomeni. Kwetu jina lake, shule yake na picha za chumba haviingii kwenye chatboti. Msimbo na chati vinatosha.

Maelezo ya Kiswahili yametuletea msamiati wetu. Alikataa neno la kamusi la mahali pa kuhifadhia namba, akasema ni chombo: int ni kopo, unsigned long ni pipa. Jumapili alimweleza bibi yake wa Mwanza kwa simu, kwamba maji yalizidi kopo. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini basi asitumie mapipa tu tangu mwanzo. Nikamwona kijana anaangalia simu nyingine, ile ya chatboti, iliyokuwa kwenye kochi. Hakuichukua. Akamwambia bibi kwamba nyumba ni ndogo: Uno ina kumbukumbu ya baiti 2,048 tu za kuwekea vyombo vyote, kopo linakula 2 na pipa linakula 4. "Aa," bibi akasema, "kama chumba chenu huko."