Mkungumanga Kwanza, Mgeni Baadaye

Katika Bahari ya Karibi ipo nchi ndogo ya visiwa iitwayo Grenada, ambayo hata ukiijumlisha na visiwa vyake vya Carriacou na Petite Martinique haifiki nusu ya ukubwa wa Pemba. Dunia inaijua kwa jina lile lile tunalojivunia sisi, yaani Kisiwa cha Viungo, na bendera yake iliyopandishwa siku ya uhuru, tarehe 7 Februari, 1974, imechorwa tunda la kungumanga. Tunaitaja leo kwa sababu mazungumzo ya utalii hapa kwetu yameelemea mno upande wa hoteli na fukwe, na yapo mambo yaliyoipata Grenada ambayo wakulima wetu na watendaji wa Serikali hawana budi kuyapima.

Fukwe Grenada inazo. Ufukwe wa Grand Anse, jirani na mji mkuu wa St. George's, una mchanga mweupe wa kilomita tatu hivi. Lakini mchanga mweupe umejaa Karibi nzima, na mtu anayetaka kujilaza juani hana sababu ya kuiacha Barbados akaifuata Grenada. Kinachomvuta mgeni ni mambo ambayo wananchi wa kisiwa kile wanayafanya kwa ajili ya riziki yao wenyewe. Katika mji wa Gouyave, pwani ya magharibi, mgeni huingia kituo cha kungumanga akawakuta akina mama wamekaa kwa safu wakichambua kokwa. Kokwa humwagwa majini: iliyo nzima huzama, mbovu huelea. Basibasi hutengwa na kukaushwa peke yake, na magunia hupigwa chapa ya mahali yanakokwenda. Huko Belmont, wilaya ya St. Patrick, wafanyakazi hutembea miguu mitupu juu ya kakao iliyoanikwa, wakiigeuza kwa nyayo ili jua liipate pande zote. Na kiwanda cha River Antoine kimekuwa kikikamua miwa kwa gurudumu la maji tangu mwaka 1785. Kinachotoka katika kiwanda hicho ni pombe, nasi hatuisifu. Gurudumu lenyewe lastahili kustaajabiwa.

Milimani kuna Grand Etang, ziwa lililojaa katika shimo la volkeno iliyozimika, na msituni mwake wamo kima ambao wazazi wao waliletwa kutoka Afrika Magharibi na meli za biashara ya watumwa. Wanadamu walioletwa na meli hizo nao hawakusahau asili yao. Huko Carriacou hadi leo hupigwa Ngoma Kuu, na michezo yake huitwa kwa majina ya mataifa ya Afrika: Kromanti, Igbo, Kongo. Hupigwa wanapokumbukwa wazee waliofariki, na pia chombo kipya kinaposhushwa majini. Mtu wa Mkokotoni au Wete ataielewa mara moja sherehe hiyo ya chombo.

Ipo pia historia ya damu. Kaskazini, katika mji wa Sauteurs, mgeni huoneshwa jabali ambalo Wakalinago, wenyeji wa asili, walijirusha kutoka juu yake mwaka 1651 kuliko kujisalimisha kwa Wafaransa. Katika ngome ya Fort George huoneshwa ukuta ambapo Waziri Mkuu Maurice Bishop aliuawa pamoja na wenzake tarehe 19 Oktoba, 1983. Siku sita baadaye majeshi ya Marekani yalivamia kisiwa, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa uwanja wa ndege uliokuwa ukijengwa kwa msaada wa Cuba, ambao ulidaiwa kuwa ni wa kijeshi. Uwanja huo huo ulifunguliwa mwaka 1984 na ndio unaopokea watalii. Tangu mwaka 2009 unaitwa kwa jina la Bishop. Wagrenada wameamua kuieleza historia yao pamoja na sehemu zake chungu, na wamefanya vyema.

Sasa tuje kwenye msiba. Tarehe 7 Septemba, 2004, kimbunga kilichoitwa Ivan kiliipiga Grenada, kikaua watu 39 na kung'oa au kuvunja takriban asilimia 90 ya mikungumanga. Mwaka uliofuata kikaja kingine, Emily. Mkungumanga uliooteshwa kwa mbegu humtaka mkulima asubiri miaka sita au saba, na hapo ndipo atambue kama mti wake ni jike au dume. Ukiwa dume, hauzai. Wakulima wengi, hasa wazee, hawakuwa na nguvu ya kuanza upya. Wengine waligeukia kakao, inayorudi upesi zaidi. Hoteli zilijengwa tena na wageni wakarudi, lakini kungumanga haijarudi kuwa ilivyokuwa. Paa la hoteli hupata bima na mkopo. Mti wa mkulima mdogo aghalabu haupati.

Sisi tunaijua habari hiyo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoubeba mzigo wa karafuu. Leo mikarafuu yetu haihitaji kimbunga ili ipungue: inatosha izeeke bila kupandwa mingine, na kijana aone kwamba kumtembeza mgeni shambani kunalipa kuliko kulima shamba hilo.

Wapo wanaodai kuwa utalii unaingiza fedha za kigeni nyingi kuliko karafuu, kwa hiyo mashamba si jambo la kuumiza kichwa. Hesabu yao hatuibishii. Tunawauliza tu: mgeni anayepelekwa Kizimbani na Kidichi kunusa mdalasini na kufungua kungumanga, anapelekwa kuona nini ikiwa mkulima ameondoka? Bustani ya miti michache iliyopandwa kwa ajili ya picha?

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika kila malipo ya ziara ya viungo, sehemu inayojulikana iende kwa mkulima ambaye mti wake umeoneshwa, na iandikwe kwenye risiti ili mgeni na mkulima wote waione. Sehemu nyingine iende kwenye vitalu vya miche ya mikarafuu na mikungumanga, itolewe bure kwa wakulima wadogo, na masheha watoe taarifa ya miche mingapi imepandwa na mingapi imeshika. Wizara zinazohusika, ya kilimo na ya utalii, zikae meza moja kabla ya makadirio ya bajeti ijayo, na wawakilishi wa wakulima wenyewe wawepo kikaoni.